Afande Kastaafu, Zamu Nimebaki Nayo Mimi

Bosi wangu anaishi Dar. Juzi kanipigia saa tano usiku, anahema: "Huku nako baridi, kijana wangu, jana nimelala nimezima feni." Wakati ananiambia hivyo mimi nimevaa makoti mawili, soksi juu ya soksi, kofia ya sufu niliyoiokota kwenye mitumba pale soko la Kilombero, Arusha, na shuka la Kimasai juu ya vyote. Utamjibuje mtu wa hivyo? Nikasema pole sana bosi, jifunike.

Nalinda saiti yake huku Ngaramtoni. Nyumba iliishia kwenye lenta, inasubiri hela. Mimi nasubiri nayo, ndani ya kontena la futi 20 tulilokuwa tunatunzia saruji. Kontena hili limetembea kuliko ukoo wangu wote. Limepanda meli, limeona bandari, mimi bahari naijua kwenye kalenda. Mlangoni limeandikwa mwisho wa uzito ni kilo 30,480. Hakuna palipoandikwa kwamba linafaa kulaza binadamu na mbwa mgonjwa mwezi wa saba.

Wapita njia wananisifia. "Umepata, kaka, nyumba ya chuma, mwizi haingii." Kweli, mwizi haingii. Mwezi wa saba huku upepo wa kusi unaleta mawingu, yanakaa mlimani wiki nzima, Meru yenye mita zake 4,562 unaisikia tu kwa jina. Chuma kinapoa mpaka ukikigusa unatoa mkono haraka. Ukifunga mlango ujikinge, pumzi zako na za mbwa zinapanda juu, zinakutana na bati la baridi, zinageuka maji. Saa tisa usiku inanyesha ndani. Nje kukavu kabisa! Kuna siku nilitoka nje ili nisilowe.

Usiniambie niwashe jiko la mkaa. Kila mtu ananishauri jiko, tena wengine kwa kunikasirikia. Gesi ya mkaa haina harufu, haikuamshi, na kontena halina hata tundu la panya. Wangetufungua asubuhi tumeshakuwa taarifa ya habari. Jiko nawasha nje, naota nje, nikishapata joto naingia ndani kulipoteza.

Sasa nije kwa Afande. Afande, huyo mbwa, ndiye mlinzi halisi, mimi niliajiriwa kumsaidia. Ana miaka 13. Sikio moja halisikii, la pili linasikia sufuria tu. Macho yameingia ukungu. Nyonga zina baridi yabisi, na mwezi huu ndio anajua maana yake. Wafanyakazi wa serikali wanagombana na kikokotoo cha pensheni. Afande kajipigia hesabu zake mwenyewe, kajipa mafao yote kwa mkupuo: godoro langu upande wa ukutani usiovuja.

Usiku anataka kutoka. Anaanza na miguu ya mbele, anaipanga, anavuta pumzi. Ya nyuma haina habari. Sakafu ni ya plaiwudi, imesuguliwa na mizigo mpaka inateleza, basi makucha yanakwaruza, kwrrr, tumbo linarudi chini. Ananigeukia. Haombi. Ananitazama kwa jicho la mkubwa anayengoja mdogo ajiongeze. Nampitishia kanga chini ya tumbo, nashika ncha zote juu, nainua nyonga, tunatoka: yeye mbele anatembea, mimi nyuma nimeshika mkoba wenye mkia. Kanga yenyewe kanipa Mama Neema jirani, imeandikwa "Mwenye wivu ajinyonge". Sijui anadhani nani atatuonea wivu.

Tukifika nje, Afande anasimama. Ananusa magharibi. Ananusa mashariki. Manyunyu yanatupiga. Anafikiri. Halafu anageuka, tunarudi ndani, ananikojolea kandambili.

Majirani wote ni madaktari. Mmoja kasema mpe Panadol, mwingine mpe diklofenaki ile ya mgongo, Mama Neema kachemsha supu ya vitunguu swaumu sufuria nzima. Nikaona nimpeleke kwa daktari wa mifugo mjini. Chalii wa bodaboda akanitoza nauli ya watu wawili, eti abiria ni abiria. Tukapanda mishikaki, Afande katikati kafungwa shuka mpaka puani. Kila tulipopunguza mwendo watu walinipa pole ya mgonjwa. Pale Sakina mama mmoja akauliza, "Ni bibi au babu?" Nikajibu babu. Akasema Mungu amponye. Afande akapiga chafya.

Daktari akasikiliza mapendekezo ya majirani, akashika kichwa. Dawa za maumivu za binadamu zinamharibu mbwa tumbo, figo na ini, na vitunguu, hata swaumu, vinaua chembe nyekundu za damu yake. Kwa hiyo supu nimeinywa mimi. Akampa vidonge vyake, akasema alale pakavu penye joto. Nikamwuliza, daktari, hapo penye joto ukipapata unaweza kunipa namba ya mwenye nyumba?

Kumpa kidonge nako ni kazi ya mtu na msaidizi. Nanunua utumbo, nachemsha, nakificha kidonge ndani ya mkunjo. Afande anatafuna taratibu, anafumba macho, anameza, anashukuru kwa mkia. Asubuhi nafagia nakuta kidonge kimelala peke yake sakafuni, kimeoshwa.

Ila linaloninyima usingizi ni bosi. Bosi haamini binadamu, anaamini mbwa. Kila usiku akipiga lazima aseme, "Hebu nimsikie Afande." Zamani nilikuwa naelekeza simu mlangoni, anabweka, bosi anaridhika, analala. Siku hizi Afande hata ukimkanyaga anahema tu. Nimemwonyesha paka, wakatazamana, paka ndiye kaondoka kwa heshima. Na nikimwambia bosi ukweli, najua atakachosema: tafuta mwingine mdogo, huyo mzee mpeleke huko. Huko wapi? Hajawahi kusema.

Basi simu ikiita, natoka nje, naisogeza mbali kidogo na mdomo, nabweka.

Mwanzoni nilikuwa nabweka kwa aibu, kimbwakoko. Nikajirekebisha. Sasa naanza na mngurumo, napandisha, namalizia na mabweko mazito ya kushtua. Mbwa wa Ngaramtoni nzima wananijibu. Mama Neema asubuhi ananiangalia kwa jicho la pembeni, "Baba Afande, umeamkaje, koo linaendeleaje?" Afande wakati huo kajikunja kwenye godoro, kafunika pua na mkia, hajui kwamba ana ajira.

Jana bosi kafurahi kweli. "Kijana wangu, huyo mbwa kapona! Sauti imekomaa! Sasa baridi hii lazima ale vizuri." Nikaona nipenyeze langu hapo hapo: bosi, na mimi nilikuwa naomba blanketi moja zito, hali ya huku si nzuri. Akacheka. "Wewe si uko ndani ya kontena?"

Leo asubuhi pesa imeingia kwenye simu, elfu ishirini, na ujumbe nyuma yake: "Ya nyama ya mbwa hiyo. Usiile."