"Aende Nyumbani Akalee Wajukuu." Nyumba Ipi?

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwa kinyozi wangu Kawangware, hapa Nairobi, kichwa nusu kimenyolewa nusu bado, runinga ikamwonyesha Kizza Besigye, mpinzani wa Uganda aliyegombea urais mara nne dhidi ya Museveni, akiingizwa kortini Kampala. Amekonda. Kijana aliyekuwa akingoja zamu yake, macho kwenye simu, akatema: "Huyu mzee naye! Ameshindwa mara nne. Si aende nyumbani akalee wajukuu?" Watu wakacheka. Sikumjibu, maana mashine ilikuwa nyuma ya sikio langu na mtu habishani akiwa katika hali ile. Jibu lake nimekuja nalo hapa.

Aende nyumbani. Nyumba ipi? Ile yake ya Kasangati, nje ya Kampala?

Mwaka 2016, baada ya kura ya Februari 18, polisi walilizingira boma lile siku baada ya siku. Ikawa kama ratiba ya ofisi. Asubuhi mzee anavaa shati lake safi, anafungua geti, anaanza kutembea kwa miguu. Hajafika mbali askari wanamnyanyua mzimamzima, wanamtia kwenye gari, huyoo mpaka kituo cha Nagalama. Jioni anarudishwa. Kesho yake vilevile. Ukiuliza kosa lake unaambiwa anazuiwa asije akalitenda. Mei akajiapisha mwenyewe kuwa rais mbele ya kamera, wakamrusha kwa ndege mpaka Moroto, kule Karamoja, na kumfungulia mashtaka ya uhaini. Mtu wa aina hiyo unamwambia arudi nyumbani? Nyumbani ndiko walikokuwa wanamfungia.

Sasa tuje kwenye hizo mara nne, maana ndizo zinazonichemsha.

Chukua moja tu, ya 2006. Besigye alikuwa daktari wa Museveni msituni, akawa kanali, na mwaka 1999 akaandika waraka wa kusema chama chao kimepotea njia. Akagombea 2001, akashindwa, akakimbia nchi mwaka huohuo. Alirudi Oktoba 26, 2005. Novemba 14 alikuwa ndani: uhaini, na ubakaji juu yake. Siku mbili baadaye washtakiwa wenzake walipewa dhamana na Mahakama Kuu. Wakati huo wanaume wenye silaha na fulana nyeusi walikuwa wameizingira mahakama, kikosi cha usalama kilichoitwa Black Mamba. Wenzake wakaona heri warudi selo. Hebu fikiria umepewa uhuru na jaji, unachungulia dirishani, unasema hapana, nirudisheni jela.

Karatasi zake za ugombea zilipelekwa na watu wengine, mwenyewe yuko gereza la Luzira. Akaachiliwa Januari 2, 2006. Kura ilikuwa Februari 23. Katikati hapo, siku ambazo mwenzake yuko jukwaani, yeye yuko kizimbani. Kesi ya ubakaji ikatupwa Machi, kura zimeshahesabiwa. Ilikuwa imeshamaliza kazi iliyotumwa.

Matokeo rasmi: Museveni asilimia 59, Besigye 37. Akaenda Mahakama ya Juu. Majaji wakakubaliana kwamba sheria za uchaguzi zilivunjwa, kisha wanne dhidi ya watatu wakasema si kwa kiasi cha kubatilisha. Mwaka 2001 ilikuwa hivyohivyo, watatu dhidi ya wawili. Ni kama kumkuta mtu bandani kwako na kuku kwapani, halafu baraza la wazee liamue kwamba kweli kuku ni wako, kweli kawachukua, ila hawajafika idadi ya kuitwa wizi. Na wewe, kijana wa simu, unatoka barazani ukimcheka mwenye kuku: "Ameshindwa tena!"

Haya, nikubali. Besigye si malaika. Alikula na utawala ule miaka mingi kabla ya kuukosoa, na kuna wakati kivuli chake kiliwazibia jua wadogo zake wa upinzani. Chama chake, FDC, kimepasuka vipande. Nimesema, tuendelee.

Kinachonikera zaidi kiko huku kwetu Kenya. Aprili 28, 2011, wakati wa maandamano ya kutembea kwenda kazini, walimvunjia kioo cha gari wakampulizia pilipili usoni. Alitibiwa wapi? Nairobi. Mei 12 akarudi, siku ileile Museveni alipokuwa akiapishwa, na barabara ya Entebbe ikafurika watu. Wakati ule tulijiona waungwana. Jirani akipigwa kwao, anakimbilia kwetu.

Novemba 16, 2024, miaka 19 kamili tangu wale wa fulana nyeusi, Besigye alikuja Nairobi kwenye hafla ya mwanasiasa wetu Martha Karua. Akatoweka. Novemba 20 akaibukia Makindye, Kampala, mbele ya mahakama ya kijeshi, kana kwamba barabara ya Busia haina mpaka. Serikali yetu kwanza ikakana kuhusika. Mei 2025 Mudavadi, akiwa Waziri wa Mambo ya Nje, akasema kwenye runinga kwamba Kenya ilishirikiana na Uganda. Kwa utulivu tu, kama mtu anayeeleza alivyomwazima jirani ngazi. Na tusijifanye ilikuwa mara ya kwanza: Julai 2024 wanachama 36 wa FDC walishikwa Kisumu, wakavushwa mpaka, wakashtakiwa ugaidi.

Mahakama ya Juu ya Uganda ilisema Januari 31, 2025, kwamba raia hashtakiwi kwenye mahakama za kijeshi. Ikabidi mzee asusie chakula ndipo wamhamishe kwenye mahakama ya kiraia. Kwa shtaka lipi? Uhaini, bila shaka. Miezi michache baadaye Bunge likapitisha sheria ya kurudisha raia mbele ya wanajeshi.

Mimi sijui kama Besigye angekuwa rais mzuri. Huenda angekuwa ovyo. Waganda hawakupewa nafasi ya kulijua hilo, na wala si kosa lake.

Kinyozi wangu ni mtu wa Masaka, Uganda. Muda wote kijana akiropoka hakutia neno, alibadilisha tu stesheni ikaja mechi. Nilipolipa akanifuata nje kama mtu aliyesahau kurudisha chenji.

"Ssebo, 2011 nilitembea," akasema kwa sauti ya chini. "Kutoka Kibuye. Nilikuwa na ndara, zikakatika."

Nikamuuliza mbona hakumwambia yule.

Akaangalia kushoto na kulia kwanza. Hapo Kawangware, saa tano asubuhi. "Unaandika andika wewe, nakujua. Jina langu usiweke." Kisha akarudi ndani, akakung'uta kitambaa, akamwita kijana akae.