Imo Kwenye Bei

Mimi si mtu wa bichi. Nimezaliwa Pangani, na kwetu ukimwona mtu mzima kajilaza ufukweni mchana kweupe, unamsogelea kuangalia kama bado anapumua. Lakini Mama Zuhura kakaa Columbus, Ohio, miaka kumi na minne akitunza wazee wa watu, na wenzake wote wa kazini wameshapiga picha kando ya maji ya buluu wakiwa na glasi yenye mwavuli mdogo. Mwavuli wa nini ndani ya glasi, sijui.

"Baba Zuhura, ndoa inatimiza miaka ishirini. Nataka Jamaika. Kila kitu kimo kwenye bei."

Bei yenyewe dola 3,200, watu wawili, siku tano, Montego Bay. Ningekuwa na akili ningeuliza hicho "kila kitu" ni kitu gani. Maana sisi pombe hatunywi, nguruwe hatuli. Jambo hilo limenijia kichwani nikiwa nimeshavishwa bangili ya plastiki, ile haivuki mpaka uikate na mkasi. Mama Zuhura akaitazama ya kwake, akasema kazini kwao huwavalisha hivyo wazee wanaopotea njia.

Nikazungusha macho. Baa mapokezi. Baa ufukweni. Baa nyingine katikati ya bwawa la kuogelea, watu wamekaa kwenye viti vilivyozama majini tangu saa nne asubuhi wanakunywa bia, na mpaka saa tisa sikuona hata mmoja akitoka kwenda chooni. Bwawa lile sikulitia mguu. Ila nilielewa dola zangu ziko wapi: nimewalipia wale.

Basi nikaanza kuzifidia kwa juisi. Ukwaju, rozela, embe, nanasi. Glasi ya saba, mke wangu akanishika mkono.

"Baba Zuhura, sukari hiyo itakupata."

"Nayo imo kwenye bei."

Nchi yenyewe sina ugomvi nayo. Basi lililotutoa uwanja wa ndege lilipita kushoto, nikashusha pumzi kama mtu aliyefika kwao. Waingereza wametutawala wote, ingawa sisi bendera tulipandisha Desemba 1961 na wao Agosti 1962, kwa hiyo kwa uhuru tumewatangulia miezi minane. Nilimwambia dereva. Akacheka, akanijibu kitu kwa Kiingereza chao ambacho niliambulia neno moja, "man".

Usiku wa pili ukatangazwa kuwa usiku wa vyakula vya Jamaika. Mama Zuhura kavaa dera jipya, mimi shati lililopigwa pasi. Mpishi mwenye kofia ndefu akawa anafunua mifuniko mmoja mmoja kama anayefunua maajabu. Wa kwanza, kalalu. Nikachungulia: mchicha. Wa pili, samaki waliopikwa mpaka tui limekauka. Wa tatu, mkate wa muhogo. Wa nne, shelisheli la kuchoma, na hapo mpishi akatusimulia namna Mwingereza mmoja, Kapteni Bligh, alivyotumwa kisiwa cha Tahiti kuchukua miche yake, mabaharia wakamwasi mwaka 1789 wakamtupa kwenye mashua, akarudi tena na meli nyingine mpaka akaifikisha Jamaika 1793, iwe chakula cha bei rahisi cha watumwa. Wazungu wote mezani wakasema aaah. Mama Zuhura akaninong'oneza, "Kwa mama Pangani yanamwangukia kuku."

Mfuniko wa mwisho, ule mkubwa. Wali maharage.

Ndugu zangu, mimi nimesoma bweni. Kidato cha kwanza mpaka cha nne nimekula maharage yenye wadudu, nikaapa nikianza kujitegemea hayatanipita mdomoni. Leo nimepanda ndege mbili kuyafuata, na kuyalipia kwa dola! Wao wanayaita mbaazi, sijui kwa nini, ni maharage mekundu kabisa, yamepikwa pamoja na wali kwa tui, pilipili mbuzi nzima ikaachwa inaelea juu bila kupasuliwa, vilevile anavyofanya mama yangu.

Nilikula sahani nne. Siwezi kusema uongo.

Mhudumu mmoja mzee alikuwa ananitazama. Akauliza tumetoka wapi. Nikasema Tanzania. Akaweka sinia chini: "Nyerere!" Akaanza kunieleza habari za waziri mkuu wao wa zamani Michael Manley, alivyokuwa rafiki wa Mwalimu, na kuanzia usiku ule kila nikipita ananiita Nyerere kwa sauti ya bufee nzima.

"Nyerere hakula sahani nne," akasema Mama Zuhura.

Sasa, vitanda vya kuotea jua. Watu wa pale huamka kiza, wanatandika taulo kitandani, wanarudi kulala, kama sisi na ndoo kwenye foleni ya bomba. Mimi huamka alfajiri kuswali, nikaona hapa nitawaweza. Tatizo, taulo hupewi bila kadi, na kadi ukiipoteza faini dola 25, kwa hiyo ya kwetu nilikuwa nimeifungia kwenye sefu. Nikachukua kanga ya mke wangu, nikaitandika kitanda cha mbele kabisa, nikarudi kulala mshindi.

Saa tatu tunashuka, kanga haipo. Pana taulo na kitabu kinene cha mtu.

Ile kanga ni ya arusi ya mdogo wake. Mapokezi wakaniuliza ikoje. Nikasema nguo ina maandishi. Yanasemaje? "Usisafirie nyota ya mwenzio." Jaribu wewe kumtafsiria hilo binti wa mapokezi huku mkeo kasimama nyuma yako kimya. Kwenye fomu aliandika: nguo, nyota moja.

Kutwa nzima sikusemeshwa. Juisi sikuigusa.

Jioni tunafungua chumba, katikati ya kitanda kakaa bata wa shingo ndefu. Wale wasafishaji vyumba huwakunja kwa taulo. Huyu alikuwa wa kanga, imefuliwa, inanukia sabuni, na neno "nyota" limekaa sawasawa kifuani. Mama Zuhura akapiga ukelele kama kazaliwa mtoto. Picha sitini. Zikaenda Tanga, zikaenda Dar, zikaenda kwa shangazi Muscat. Nikadhani nimesamehewa, nikakaa ukingoni mwa kitanda kuvua viatu.

"Usimguse! Atalala hapohapo mpaka asubuhi, nimpige picha na mwanga wa jua."

Bata kalala katikati, Mama Zuhura pembeni yake. Nikachukua mto nikahamia kwenye kochi. Fupi, miguu inaning'inia, lakini nalo limo kwenye bei.