Waya ni Waya, Bosi Wangu

Hivi jamani, kutoka kwenye kompyuta yangu hadi kwenye redio hapafiki hata mita moja. Nikinyoosha mikono nagusa zote mbili. Lakini kuivusha sauti hapo katikati, utadhani naiombea viza.

Mpwa wangu ni prodyuza wa singeli, Mungu amsamehe. Kapata intafesi mpya ya sauti, kile kidude cha kuingizia na kutolea sauti kwenye kompyuta, ile ya zamani kanirithisha mimi. Kakisanduku kazuri tu, nyuma kana matundu mawili makubwa ya jeki. Redio yangu, ya enzi zile amplifaya inabebwa na wanaume wawili, ina vitundu vidogo vya pini za deki, cheupe na chekundu. Haya, nenda Kariakoo ukaombe waya wa kuviunganisha.

Unaletewa waya wa auksi. Ukisema siyo, unaletewa wa auksi mrefu zaidi. Ukikataa na huo, kijana anazama chini ya meza, anaibuka na wenye pini za dhahabu. "Huu sasa, bosi wangu, sauti inatoka orijino." Dhahabu haishiki kutu, kazi yake imeishia hapo. Kwa joto letu na hewa hii ya chumvi siyo haba, maana pini za bei chee zinaota ukijani hujakaa nazo sana. Ila wimbo ukiingia mbovu kwenye dhahabu unatoka mbovu vilevile.

Ukibana sana ndipo unatolewa ule wa Y: huku jeki kubwa moja, kule nyeupe na nyekundu. Macho yanakubali kabisa. "Si unaona unaingia? Waya ni waya." Unaingia, ndiyo. Hata kidole kinaingia puani.

Waya ule ni wa tundu la hedifoni, ambalo kushoto na kulia wanakaa humo humo. Matundu ya nyuma ya intafesi kila moja lina upande wake mmoja, na mara nyingi sauti hiyo hiyo inapitishwa mara mbili, ya pili ikiwa imepinduliwa, ili kelele zilizodandia njiani zifutane zikifika. Chomeka Y hapo uone: pini moja inabeba sauti yenyewe, nyingine inabeba ile iliyopinduliwa. Spika moja inasukuma hewa, mwenzake anavuta. Mwimbaji hajulikani kasimama wapi, yuko tu sebuleni anazurura. Besi inaaga. Sabufa nayo ikizijumlisha hizo mbili, moja inaifuta nyingine. Jirani yangu, ambaye redio yangu anaijua kwa ukuta kutikisika, alikuja kuuliza kama tumefiwa.

Ninachotaka mimi ni nyaya mbili za kawaida kabisa: jeki ya milimita 6.35 yenye mstari mmoja mweusi upande huu, pini ya deki upande ule. Moja kushoto, moja kulia, kwisha. "Hiyo jeki mpya, bosi, mzigo haujaingia." Mpya! Jeki hiyo ilianzia kwenye mitambo ya simu karne ya 19, wakati wa wale mabinti waliokuwa wanachomoa huku na kuchomeka kule ili uongee na mtu wa mbali. Meli gani hiyo haijafika mpaka leo?

Na nyumbani kila mtu fundi. Nyuma ya redio kumeandikwa Phono, Tape, CD na Aux. Fundi wa mtaani kwetu kaangalia akasema chomeka Phono, "ndiyo yenye nguvu". Phono ni ya santuri, kaka! Sindano inatoa milivoti chache tu, ndiyo maana tundu lile linaikuza sauti na kuijaza besi. Intafesi inaweza kutoa voti moja na zaidi. Ukiipitisha hapo, ni mikwaruzo mitupu. Aux ipo pembeni, imekaa kimya, haina wa kuitetea. Hata huko unaanza na kitufe cha sauti kikiwa chini, kwa sababu mitambo ya studio inaongea kwa nguvu kuliko redio za sebuleni zilivyozoea.

Kukatokea na muungurumo, mmmmm, tangu chaja ya kompyuta ilipochomekwa. Fundi yule yule: "Kata mguu wa ethi kwenye plagi, utaisha." Utaisha, na mimi naisha! Ethi ndiyo inayonikinga na shoti. Nikachomeka chaja na amplifaya kwenye ekstensheni moja, mmmmm ikapungua, fundi akadai hela ya ushauri.

Nyaya zenyewe nimezipata, ila maduka tofauti, maana kila duka lilikuwa limebakiwa na mmoja. Wa kushoto mita moja, wa kulia mita tano. Umeme una kasi, hakuna sikio litakalojua nani katangulia. Mita nne zilizozidi nimezikunja nyuma ya kabati, na huko ndiko mama watoto alikoziona. Kamba yake ya kuanikia imekatika, akauliza kama anaweza kuuchukua ule mrefu.

Nikamwambia ule ni wa upande wa kulia.

"Kwani wa kushoto peke yake haimbi?"