Raundabauti ya Karen Haina Mwisho

Binamu yangu hana gari, lakini ukimsikia akizungumzia gia utadhani anamiliki gereji. Ana baiskeli tatu za mbio na imani moja: kwamba watu wote wa Nairobi wanakanyaga pedali vibaya, na kwamba yeye ndiye ameachiwa kazi ya kuwarekebisha. Akaanza na mimi, kwa kuwa mimi ni damu yake na sikuwa na pa kukimbilia.

"Wewe hupigi pedali, unagombana nazo," aliniambia asubuhi moja tukipandisha Ngong Road. "Piga duara, ndugu yangu. Duara!"

Duara lenyewe ni hivi. Wengi wetu tunausukuma mguu chini, basi. Ukishafika huko tunausahau, tunahamia mwenzake. Binamu anataka mguu ukikaribia chini uuburute nyuma kidogo, vile mtu anavyofuta tope la kiatu mlangoni, kisha unapopanda uunyanyue usije ukawa mzigo kwa ule unaoshuka. Na hapo nampa haki yake. Waliopima mambo haya wanasema hata mabingwa hawaivuti pedali juu kwa nguvu. Wanachokwepa ni kuuacha mguu unaopanda umlalie mwenzake. Halafu kuna kuhesabu. Hesabu goti la kulia kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Wazoefu hukaa kati ya mizunguko 80 na 100 kwa dakika. Mimi nilipatikana na 52, binamu akanitazama kwa ile huruma ya watu wanaotoka wodini.

Mimi nasema tatizo lilikuwa gia. Baiskeli yangu ya mtumba ilikuja na gia mbili mbele, ya meno 53 na ya meno 39, na nyuma friwili, lile rundo la gia ndogo, iliyoishia meno 25. Hizo ni gia za vijana wa Ulaya wenye mapaja. Ukiweka ile nyepesi kabisa, 39 kwa 25, pedali ikizunguka mara moja gurudumu linazunguka mara moja na nusu hivi, na baiskeli inasogea mita 3 na ushee. Mita 3 za kupanda mlima si za bure, hasa katika mji ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, ambako pumzi yenyewe unapimiwa. Tukabadilisha: 50 na 34 mbele, nyuma mpaka 32. Sasa 34 kwa 32 inakudai mita 2 na kidogo tu kwa kila mzunguko. Unapanda polepole, lakini unapanda umekaa, na unaweza hata kuitikia salamu. Mtu akikuambia gia nyepesi ni za wazee, muulize yeye magoti yake ana miaka mingapi nayo.

Kiti kilipandishwa pia. Unaweka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke wote. Halafu ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti linabaki limekunjika kidogo. Kaptura ya pedi ilinunuliwa. Kaptura hiyo huvaliwa bila chupi, jambo ambalo ni kweli na lina sababu zake, kwani mishono ya chupi huchubua. Ila binamu aliona vema kunielimisha hilo kwa sauti, sebuleni, mbele ya shangazi. Shangazi tangu siku ile akizungumza nami hutazama dari.

Vikabaki viatu.

Viatu vya mbio vina soli ngumu, na chini yake hufungwa kipande cha plastiki cha pembe tatu kinachoitwa kliti. Ukikanyaga, pedali inakikamata: tak! Ukitaka kutoka, unapeleka kisigino nje: tak! Kampuni ya Look ya Ufaransa, iliyokuwa ikitengeneza vifungo vya viatu vya kuteleza kwenye theluji, ilizitoa pedali za namna hii mwaka 1984, na mwaka uliofuata Mfaransa Bernard Hinault akashinda mbio za baiskeli za Tour de France akiwa nazo, ingawa njiani alianguka akavunjika pua.

"Na mwaka huohuo, 1985," binamu akifika hapa huinua kidole, "Chris Froome alizaliwa wapi? Nairobi!"

Hulisema kwa sauti ya wakili aliyefunga kesi. Ni kweli Froome alizaliwa hapa, akalelewa kimchezo na mwendesha baiskeli wa Kenya, David Kinjah, kule upande wa Kikuyu, akaenda kushinda Tour mara 4. Uhusiano wa hayo yote na miguu yangu, au na pua ya Hinault, sijaupata.

Viatu nilivitoa soko la mitumba la Gikomba: vyeupe, mikanda ya kunata, havijakanyaga hata lami. Kliti nikanunua mpya, zile nyekundu za Look, ambazo huacha kisigino kicheze digrii 9 kabla ya kukuachia, maana magoti ya mtu mzima yanataka nafasi ya kujadiliana. Kila kliti hushikwa na skrubu 3. Fundi wa mtaani kwetu, ambaye simtaji kwa sababu bado ndiye fundi wa mtaani kwetu, alifunga moja moja, zile za mbele tu, zilizobaki akanikabidhi ndani ya kikaratasi.

"Hizi weka, boss. Siku ukitaka kusogeza, kazi itakuwa rahisi."

Alisema huku akifuta alenki yake ya kukazia skrubu kwa kitambaa, taratibu, na mtu anayefuta alenki hivyo huwezi kumbishia. Nikazitia mfuko wa nyuma wa jezi.

Jumapili tukatoka Dagoretti Corner giza halijaisha, tukapita mtaa wa Karen, tukapita Bulbul, tukaingia Ngong jua likichomoza. Nilipiga duara mpaka binamu akanyamaza, na binamu kunyamaza si jambo dogo. Pale Ngong miguu ilitoka vizuri, tak, tak. Tukanywa chai na mandazi. Nikatembeatembea juu ya lami na zile kliti, ko-ko-ko, nikijisikia mtu wa maana, kila hatua ikiwalegeza wale skrubu wawili waliokuwa wakifanya kazi ya watu sita.

Kurudi, sehemu kubwa ni mteremko. Binamu akanitangulia. Nilipoikaribia raundabauti ya Karen nilimwona amesimama pembeni, mguu mmoja chini, anakunywa maji, na katikati ya barabara afande wa trafiki ameinua mkono. Nikapeleka kisigino nje. Kikaenda. Digrii 9 zikapita, digrii 20 zikapita, kiatu kikageuka mpaka vidole vikataka kuingia kwenye spoki, na kliti imetulia palepale kwenye pedali, haina habari. Nikajaribu mguu wa kushoto. Vilevile.

Breki zilikuwa nzima. Lakini baiskeli ya mbio ukiisimamisha na miguu haitoki, iliyobaki ni kuchagua upande wa kulala. Nikachagua kutosimama. Nikapita chini ya mkono wa afande, nikaingia kwenye raundabauti.

"Simama!"

"Siwezi, afande!"

Nikazunguka. Jumapili asubuhi magari si mengi pale, nashukuru. Nilipomfikia tena, afande alikuwa amesogea.

"Huna breki?"

"Breki ziko!"

Kabla hajauliza la pili nilikuwa nimeshapita. Hiyo ndiyo shida ya mazungumzo ya namna hii, unapewa sentensi moja kila raundi. Akanisubiri.

"Breki ziko, husimami kwa nini?"

"Nimefungwa miguu!"

Raundi iliyofuata nilimkuta uso umebadilika kabisa, amekuwa mtu wa upelelezi.

"Nani amekufunga?"

"Fundi!"

Akatoa kijitabu.

Upande wa pili wa raundabauti, vijana wa bodaboda waliokuwa wamelalia pikipiki zao walishaamka wote. Kila nikipita naokota kipande cha mjadala. "Huyo ni mzungu?" Nikirudi: "Wapi, ona soksi, huyo ni wetu." Nikirudi: "Mwageni mchanga!" Nikirudi: "Mpigieni simu!" Mmoja alikuwa ameanza kupokea pesa kwa wenzake, na sikutaka kujua zilikuwa za nini.

Lakini niseme hili: zile gia tulizonunua kwa ajili ya vilima ziliniokoa. Nilishusha mpaka 34 kwa 32, nikawa natembea mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni, mizunguko imetulia, bega halitikisiki. Kwa 39 kwa 25 ya zamani, ningeshalala kitambo.

"Piga duara!" binamu alinipigia kelele kutoka pembeni. "Usiache kupiga duara!"

Nilikuwa napiga kubwa kuliko alivyowahi kunifundisha.

Mwishowe aliamua kuingia mwenyewe. Akapanda baiskeli yake, tak, tak, skrubu zote tatu kila upande, zimekazwa kwa kipimo. Akaja sambamba nami akanyoosha shingo. "Shika bega langu. Tutapunguza mwendo pamoja, nitatoa mguu, utaniegemea."

Mpango huo kwenye karatasi hauna kasoro. Nilimshika bega. Tukapunguza. Sasa mimi ni mtu wa kilo 91, na binamu anajisifu kwa kilo 60, na kabla hajapeleka kisigino nje uzito wangu ulikuwa umeshafika kwake. Nilimwachia kwa heshima. Yeye akaendelea peke yake hadi kwenye nyasi za katikati, akalala ubavu taratibu, miguu yote miwili bado imo kwenye pedali, baiskeli imemlalia kifuani. Pua nayo iligonga nyasi. Haikuvunjika, kwa hiyo na Tour hakushinda.

Bodaboda walishangilia. Nikawapita.

Pale ukingoni alikuwapo mama mmoja anachoma mahindi. Raundi zote hizo hakusema kitu, anageuza mahindi yake, anapepea jiko. Nilipopita tena akainua macho, akaniuliza kwa sauti ya kawaida tu, ya mtu anayeuliza saa.

"Kwani hicho kiatu hakivuliwi?"

Nilizunguka raundi nzima nikiliwaza swali hilo. Afande naye nilimwona ameteremsha kijitabu, anawaza. Kijana wa mchanga alikuwa amefunga mdomo. Hata binamu, huko chini ya baiskeli, alinyamaza kwa mara ya pili siku hiyo.

Nikainama. Mkanda wa kwanza, krrrch. Baiskeli ikayumba, nikaishika. Mkanda wa pili, krrrch. Mguu wa kushoto ukachomoka, wa soksi tupu, hewa safi ya Karen ikapita katikati ya vidole. Kiatu kikabaki kwenye pedali kikiendelea na safari. Nikabana breki, nikaweka soksi chini, nikasimama mbele ya jiko la mahindi. Nilisimama vizuri sana, nisichokozwe.

Watu walikuja kuangalia viatu. Afande alikivuta kimoja, hakikutoka. Akaita bodaboda wawili, hakikutoka. Alenki tulikuwa nayo, skrubu nne mfukoni zilikuwapo, lakini kichwa cha ile skrubu iliyolegea kinatazama pedali, na pedali imekilalia, hupafikii. Afande akafungua kijitabu, akakipekua mbele na nyuma.

"Hapa sina kosa la kuandika," akasema, na nilimsikia masikitiko. "Lakini fundi wako nipe namba yake."

Mama akanikabidhi hindi moja bila kuulizwa, lenye ndimu na pilipili. Shilingi 50. Simu yangu ilikuwa imezima, programu ya kuhesabu mizunguko imeimaliza chaji. Nadhani ilijitahidi mpaka mwisho. Binamu alikuwa anatoa nyasi sikioni na hakutaka kusikia habari za mahindi. "Utaniletea," mama akasema. Mwenye pikapu ya sukuma wiki akanibeba hadi Dagoretti Corner, mimi mbele na soksi zangu, baiskeli nyuma na viatu vyangu.

Fundi alivitoa kwa bisibisi bapa, akiibenua springi ya pedali, dakika moja haikuisha. Akanyanyua kiatu, akanionyesha ile skrubu moja.

"Umeona? Ningeweka zote tatu, leo tungesumbuka."

Sasa skrubu zote sita ziko mahali pake, na natoka kwenye pedali hata usingizini. Shida iko Karen. Kila Jumapili naja na shilingi 50 ya mama mfukoni, na kila Jumapili kijana wa bodaboda huniona kwa mbali akapiga ukunga, "Anakuja! Fungueni njia!" Afande husimamisha magari pande zote, akanipungia nipite. Nimemwonyesha mguu, nimemwonyesha breki, nimepiga kelele kwamba siku hizi nasimama. Anapunga tu, na nyuma yake foleni imeshafika mbali na wenye magari wanapiga honi. Mama naye ananinyooshea hindi.

Napita.