Haka Niliyoipiga Peke Yangu

Mwaka juzi nilikuwa nasomea kilimo Christchurch, kule New Zealand. Mwenzangu wa maabara akanialika harusini kwake. Yeye ni Mmaori, yaani mwenyeji wa asili wa nchi ile, wa Ngāi Tahu, kabila ambalo sehemu kubwa ya Kisiwa cha Kusini ni ardhi ya mababu zake. "Utasimama na sisi upande wa bwana harusi," akasema, "kwa hiyo haka inakuhusu. Njoo mazoezini Alhamisi."

Alhamisi nilikuwa na zamu ya kukamua ng'ombe. Nikamwambia asihangaike na mimi, haka, ile ngoma ya Wamaori ya kupaza sauti na kujipiga mapaja, naijua tangu nikiwa Morogoro.

Na sikudanganya. Nani hajawaona wale wacheza raga wa All Blacks wakitoa macho na kujipiga mapaja kabla ya mechi? Ka mate! Ka mate! Ka ora! Ka ora! Kichwani mwangu haka ilikuwa moja, kama wimbo wa taifa ulivyo mmoja. Wiki tatu nzima nikawa najifungia bafuni mbele ya kioo. "Mate" kwa Kimaori ni kufa, sikio la Kiswahili lisikudanganye; ila kwa nilivyokuwa nafoka, kile kioo kilifutwa kila jioni kwa ajili ya mate ya kwetu. Siku ya pili tu mpangaji mwenzangu aligonga mlango kuuliza kama aite gari la wagonjwa.

Harusi ilikuwa kwenye marae, yaani ua wa ukoo wenye nyumba yake ya mikutano, si mbali na Kaiapoi. Hilo jina liweke mfukoni, tutalihitaji.

Viapo vikaisha. Wanaume tukajipanga, wanawake nao wakajipanga, maana haka si ya wanaume peke yao kama televisheni ilivyonifundisha. Kulia kwangu alisimama babu mmoja wa miaka sabini na kitu, suti nyeusi, kimya kama mzee wa kanisa. Kiongozi akanguruma: "Kia rite!" Jiwekeni tayari. Mimi hayo maneno nayajua, ndivyo inavyoanza! Nikachuchumaa, nikalipiga paja kofi la kuamsha wafu:

"KA MATE! KA MATE!"

Peke yangu.

Suruali haikuchanika, najua ndicho ulichokuwa unasubiri. Ingechanika ningeshukuru, watu wangepata kitu kingine cha kutazama. Shangazi mmoja mwenye kofia alishusha simu yake polepole, kama mtu aliyekuwa anarekodi mandhari akaona ajali.

Kiongozi, Mungu amjalie, akaanza upya, na wenzangu wakalipuka na haka nyingine kabisa ambayo sikuwa najua hata neno lake moja. Mwenye akili zake angerudi nyuma taratibu. Mimi nikaamua kumuiga babu.

Babu akapiga paja, nikapiga. Akatetemesha viganja kama majani kwenye upepo, wenyewe wanaita wiri, nikatetemesha. Akatoa macho, nikatoa. Akainama upande wa kushoto, akashika nyonga, akakunja uso. Ehee, hapa sasa pana undani! Nikainama, nikashika nyonga, nikakunja uso kumzidi yeye. Akachomoa leso akajifuta shingo. Leso sina, nikatumia tai. Akaegemea bega la jirani yake. Jirani yangu mimi alikuwa yeye, kwa hiyo nikamwegemea.

Alinitupia jicho ambalo halikuwa la haka.

Wakati wa chakula akaniita nikae karibu naye. Nikamwamkia kwa adabu zote, nikamwita Koro, kama wanavyowaita babu zao. "Kijana wangu," akasema, "tuliyopiga leo ni ngeri."

Moyo ukanipasuka. Nilishamuona amejishika nyonga, na sasa ananitajia ngiri waziwazi mbele ya sahani ya kuku. Nikampa pole, nikamwambia kwetu wapo wazee wenye dawa yake, nitampigia mama simu usiku huohuo aulizie. Ilichukua muda kuelewana, na tulipoelewana alicheka mpaka akajishika tena palepale.

Ngeri, kumbe, ni haka isiyo na vitendo vya kupangwa. Maneno mnatoa pamoja, mwili kila mtu anauachia kadiri alivyoguswa. Zipo ambazo mikono ya wote inakwenda kama ya mtu mmoja, hizo ni taparahi. Ipo peruperu, ya silaha na kuruka juu. Mimi katika zote nikachagua kunakili kwa bidii ile isiyonakiliwa. Na nilichokuwa nanakili wala haikuwa haka: babu ana nyonga ya bandia, na ilikuwa imemkamata katikati ya shughuli.

"Na ile yako ya mwanzo," akaniuliza, "unajua ni ya nani?"

Nikasema ya All Blacks.

Akaweka uma chini. Ni ya Te Rauparaha, chifu wa Ngāti Toa. Inasimuliwa kwamba aliitoa yapata mwaka 1820, amejificha kwenye shimo la viazi vitamu, maadui wanamsaka, na mwanamke aitwaye Te Rangikoaea amekaa juu ya mdomo wa shimo kumsitiri. Nakufa, nakufa! Naishi, naishi! Akapona. Halafu akashuka kusini na watu wake, akavuka bahari, na mwaka 1831 akaizingira ngome kubwa ya Ngāi Tahu kwa miezi mpaka ikateketea kwa moto. Babu akanyoosha kidole dirishani. "Ngome yenyewe ilikuwa upande ule. Kaiapoi."

Ni sawa na kualikwa harusini Kalenga kwa Wahehe, palepale Wajerumani walipoivunja ngome yao, ukajitokeza mbele ya wazee kuimba wimbo wa askari wa Kijerumani. Kwa sauti. Huku unajipiga mapaja.

Nikaomba radhi mpaka kuku akapoa. Babu akasema makabila yalishapatana zamani, na siku ya mechi hata yeye anaipiga sebuleni kwake. "Ila si harusini," akasema, "na si kabla ya keki."

Wiki iliyofuata bwana harusi akanitumia video. Nyuma yetu, kumbe, walisimama watoto wa ukoo kama saba hivi, na inaelekea na wao walikosa mazoezi ya Alhamisi, maana walikuwa wanamtazama mtu mmoja tu: mimi. Babu anashika nyonga, nami nashika, na nukta moja baadaye watoto wote saba wanashika. Najifuta kwa tai. Wao hawana tai, wanajifuta kwa mashati.

Mwaka huu dada wa bwana harusi ameolewa. Ananiambia vijana walipofika pale pale, wakainama kushoto wote kwa mpigo mmoja. Mgeni mmoja akauliza maana yake, na shangazi mwenye kofia akamjibu kwamba katika ukoo wao ndivyo inavyopigwa.