Nyumba ya Bibi Isiuzwe

Arubaini ya bibi ilipopita, tulikaa dakani, kwenye ukumbi wa mlangoni, watoto wake saba na sisi wajukuu nyuma yao. Mjomba akakohoa, akasema: "Ndugu zangu, nyumba ni moja, warithi saba. Mnunuzi yupo na fedha zipo mkononi. Tuuze, kila mtu apate chake."

Nampinga mjomba, kwa heshima zote, maana hesabu yake si ya uongo. Fungu la mirathi ni haki, na wapo ndugu wenye shida za kweli. Hata hivyo, nyumba hii ya Mkomani, Lamu, haikujengwa iwe mali ya kugawana. Ilijengwa kwa ajili ya binti. Ndiyo ada ya mji wetu tangu zamani: mzazi humpandishia binti yake ghorofa juu, au humjengea nyumba upande wa pili wa kichochoro na kuziunganisha kwa wikio, kivuko cha juu kwa juu, ili aolewe bila kutengwa na mama yake. Chini alikaa mama wa bibi. Juu palijengwa bibi alipoposwa. Chumba cha ndani, penye zidaka, vile vishubaka vya nakshi, ukuta mzima, ndicho alichozaliwa mama yangu, na humo humo bibi alikata roho.

Mnunuzi hawezi kuyanunua hayo. Huenda akapaka chokaa vizuri kuliko sisi, sikatai. Lakini nyumba kadhaa za mtaani zimeshachukuliwa na wageni, wanakuja wiki chache, kisha kufuli. Barazani hakai mtu. UNESCO ilipouingiza mji wa kale wa Lamu katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, haikutazama mawe na milango ya nakshi tu. Ilitaja pia kwamba mji bado unaishi maisha yake ya asili. Tukishauza sote, nani atayaishi?

Na tuseme ukweli, sisi wenyewe tumeiumiza. Kuta ni za matumbawe na chokaa, zinavuta unyevu na kuutoa. Miaka ya nyuma tukakandika saruji msanani, kwenye ukumbi mrefu unaoelekea uani, tukidhani tunaimarisha. Unyevu na chumvi vikakosa pa kutokea. Plasta ikatuna, ikabanduka vipande vikubwa kama sinia, na boriti mbili za mkoko zikaoza pale zinapoingia ukutani. Nilibonyeza moja kwa kidole, kikazama hadi kwenye ukucha.

Rai yangu ni wakfu wa familia. Mali ya wakfu haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi. Wanaukoo wananufaika nayo kizazi baada ya kizazi. Aliye tayari aliweke wakfu fungu lake. Mwenye dhiki asilazimishwe, hiyo itakuwa dhuluma. Tuchange tumlipe fungu lake kidogo kidogo, kwa maandishi na mashahidi. Ghorofa ya juu ipangishwe, kodi yake iende kwenye boriti na chokaa kabla ya kumfikia mtu yeyote.

Mama na khalati wawili, dada zake, wamekubali. Mjomba amesema tumpe hadi baada ya Ramadhani. Wakati tukimngoja, fundi ameanza kuibandua ile saruji ya msanani, na kule kiwandani, yaani uani, pale bibi alipokuwa akianika nguo, chokaa imelowekwa kwenye mapipa mawili.