Deraya nzito bado haijatendewa haki

Mjadala wa deraya nyepesi na nzito ndani ya Skyrim umekuwapo tangu gemu hiyo itoke Novemba 2011, na kwa wachezaji wengi ulishafungwa zamani. Hoja inayoufunga ni moja: kinga ina kikomo cha asilimia 80, kikomo hicho ni kilekile kwa deraya zote mbili, na aliyevaa magamba ya joka, ambayo ni deraya nyepesi, anaweza kukifikia kama anavyokifikia aliyejifunga chuma cha Daedric, ambacho ni deraya nzito. Kwa hiyo, wanasema, mwenye chuma anabeba uzito wa bure. Hesabu yenyewe ni sahihi. Namna inavyotumiwa ndiyo yenye walakini.

Kila pointi ya deraya unayoiona kwenye skrini hupunguza pigo la silaha kwa asilimia 0.12. Juu ya hapo, kila kipande unachovaa, iwe kofia, vazi la kifuani, glovu au buti, huongeza asilimia 3 ambazo gemu haikuonyeshi popote. Ukivaa vyote vinne bila ngao, unahitaji pointi 567 kufika kwenye 80. Magamba ya joka yanafika huko, lakini kwa masharti: ustadi wa deraya nyepesi uwe 100, yaani kileleni, vipaji vyote vya kuongeza kinga (nyongeza za uwezo anazochagua mchezaji) viwe vimechukuliwa, na uhunzi nao uwe umepanda kiasi cha kuiboresha seti nzima hadi daraja la juu. Mtu huyo yupo. Ila anayesimulia hoja ya kikomo humzungumzia huyo peke yake, kana kwamba mhusika huzaliwa akiwa na 567. Sehemu kubwa ya gemu huchezwa kabla ya kufika hapo, na wapo wanaoimaliza hadithi yote bila kukaribia.

Tuwachukue wahusika wawili walio njiani. Wote ustadi wao wa deraya ni 100, wote wana vipaji vyote vya kinga, na hakuna hata mmoja aliyeupeleka mzigo wake kwa mhunzi. Seti ya magamba ya joka ina pointi 82 za msingi, ya Daedric ina 108. Zikishapita kwenye ustadi na vipaji, ya kwanza hutoa karibu 359 na ya pili karibu 472. Ukijumlisha zile asilimia 12 zilizofichwa, mwenye magamba anazuia asilimia 55 ya pigo na mwenye chuma karibu 69.

Wengi wakiziona 55 na 69 hutoa moja kwenye nyingine, hupata 14, na kuridhika kwamba tofauti ni ndogo. Kutoa huko ndiko kulikonifanya niandike makala hii. Afya ya mhusika huliwa na sehemu ya pigo iliyopenya, kwa hiyo ndiyo ya kulinganishwa. Kwa mwenye magamba hupenya 45 katika kila 100, kwa mwenye chuma hupenya 31. Pigo lilelile, kutoka kwa adui yuleyule, linamuumiza mwenye deraya nyepesi kwa karibu asilimia 44 zaidi. Na jambo hili huzidi kadiri unavyopanda. Ukitoka sifuri hadi asilimia 10 ya kinga, umejipunguzia sehemu moja tu ya kumi ya maumivu. Ukitoka 70 hadi 80, kinachopenya kinashuka kutoka 30 hadi 20, yaani theluthi nzima imetoweka. Kwenye skrini pointi zote zinafanana, lakini za mwisho zina thamani mara kadhaa kuliko za mwanzo, na deraya nzito ndiyo inayotangulia kuzifikia.

Ukitaka kuliona hilo kwa macho, msimamishe kila mmoja wao kwenye ngazi nyembamba za pango, mbele ya mkuu wa wanyang'anyi mwenye nyundo ya mikono miwili. Afya yao ni 200, na kila pigo la nyundo, kabla ya deraya kulikata, ni 100. Mwenye magamba anaanguka pigo la tano. Mwenye chuma anaanguka la saba. Sasa pandisha ugumu hadi ngazi ya Legendary, iliyoongezwa mwaka 2013, ambapo unapokea mapigo mara tatu. Magamba yanaanguka pigo la pili, chuma la tatu. Ukiwa ngazi hiyo, baada ya pigo la kwanza mwenye magamba lazima aache kila kitu afungue menyu anywe dawa, wakati mwenzake bado ana nafasi ya kujibu.

Tena hapo sijataja kuyumbishwa. Nyundo ikikupata unapepesuka, upanga unashuka, na mara nyingi pigo linalofuata linakukuta bado hujasimama sawasawa. Mti wa vipaji vya deraya nzito una kipaji, ustadi ukifika 50, kinachopunguza kuyumba huko kwa nusu. Deraya nyepesi haina kitu cha namna hiyo. Jambo hili haliingii katika hesabu ya kikomo, kwa hiyo hoja ya kikomo huliruka.

Mtetezi wa deraya nyepesi ana jibu: basi nenda kwa mhunzi. Sawa, twende wote. Ili kugusa 567 kwa vipaji vilevile, chuma cha Daedric kinahitaji nyongeza ya pointi 22 hivi za msingi. Magamba yanahitaji 48. Kazi ya mmoja ni zaidi ya mara mbili ya kazi ya mwenzake, na uhunzi ni kazi kweli: kukusanya madini, kuyeyusha, kufua mamia ya vitu usivyovihitaji ili ustadi upande. Asiyependa kukaa kwenye tanuri ana sababu nzuri ya kuchagua chuma, na sababu hiyo husikiki ikitajwa.

Deraya nyepesi nayo ina haki yake, tena si ndogo. Seti ya Daedric bila ngao ina uzito wa 81, ya magamba 20, na mhusika anaanza na uwezo wa kubeba 300. Zaidi ya robo ya mzigo imeliwa na nguo za mwilini, na kila anayeingia pangoni anajua maana yake anapotoka: vitu vya thamani vinabaki sakafuni. Mavazi mazito pia hula stamina haraka zaidi unapokimbia. Kipaji kinachoondoa uzito huo huja ustadi ukifika 50 kwa deraya nyepesi, na 70 kwa nzito. Kwenye 60 deraya nyepesi inakupa stamina inayorudi kwa kasi ya nusu zaidi, na kwenye 100 inakupa uwezekano wa asilimia 10 wa kukwepa kabisa pigo la karibu. Nzito, ikifika 100, inarudisha pigo kwa aliyelipiga, kwa uwezekano huohuo wa 10. Binafsi ningechagua kukwepa.

Kwa mpiga upinde anayenyata gizani, mjadala haupo kabisa, avae nyepesi. Mchawi anayeua kwa mbali vilevile. Na wote wawili wakumbuke kwamba moto wa joka na barafu ya wachawi havipunguzwi na deraya ya aina yoyote. Pale uchawi ndio tishio kubwa, chuma chote hicho hakisaidii.

Lakini mengi ya yale yanayohesabiwa kuwa dosari ya deraya nzito yana dawa ndani ya gemu yenyewe. Jiwe la Farasi, kaskazini-magharibi mwa mji wa Solitude, linaondoa uzito wa deraya uliyovaa na kukuongezea uwezo wa kubeba 100 zaidi, bila kungoja ustadi wa 70. Kelele za buti hupunguzwa na vipaji vya kunyata au uchawi wa kufunika sauti. Kilichobaki ni sifa mbaya tu, na nadhani sifa hiyo imetoka kwenye gemu nyingine.

Imetoka kwenye gemu za kuviringika ili kukwepa mapigo. Kwenye Elden Ring ya mwaka 2022, ukivuka asilimia 70 ya mzigo unaoweza kuubeba, mviringiko wako unakuwa mzito na wa kuchelewa, na kuchelewa huko kunaua. Anayetoka huko huja Skyrim akiamini kwamba mwepesi ndiye anayejua kucheza. Skyrim haina mviringiko wa aina hiyo wa kukwepea mapigo. Na hata Elden Ring haimlaani mwenye chuma: ukipandisha uvumilivu wako, unaweza kuvaa mavazi mazito ukabaki chini ya 70 na kuviringika kama kawaida. Historia nayo haiungi mkono picha ya shujaa wa chuma asiyeweza kutembea. Deraya kamili ya mabamba ilikuwa na kilo kama 15 hadi 25 zilizogawanywa mwili mzima, na mwenyewe alipanda farasi bila kunyanyuliwa na mtu.

Mahali ambapo utetezi wangu unapungua nguvu ni mwanzoni mwa gemu. Seti ya chuma cha pua ina pointi 72 za msingi, ya ngozi 52, na ustadi ukiwa bado mdogo tofauti hiyo haigeuki kuwa kitu kikubwa. Kwa ustadi wa 50 na ngazi mbili za kipaji cha kwanza cha kuongeza kinga, mwenye chuma anazuia asilimia 26 hivi na mwenye ngozi 22. Hapo, kwa uzito ule, ngozi ni chaguo la busara. Faida ya deraya nzito inaanza kuonekana ngazi za juu za kipaji hicho zinapofunguka, hasa ya mwisho inayodai ustadi wa 80, na inaendelea hadi siku mhunzi anapowafikisha wote kwenye 567. Katikati hapo ndipo mapambano mengi magumu yalipo.

Aliyekwisha kupanda hadi 100 kwa deraya nyepesi na anataka kujaribu upande wa pili, gemu inamruhusu tangu 2013: ustadi uliofika 100 unaweza kurudishwa hadi 15, na vipaji vyote ulivyovitumia unarudishiwa. Ila asifanye hivyo akiwa katikati ya pango. Ustadi wa deraya nzito hupanda kwa kupigwa, na vipaji alivyorudishiwa havitamsaidia mpaka awe ameshapigwa vya kutosha.